Ua la Mwaka Mpya katika Bustani ya Mama Mkwe



Baadhi yenu wameuliza kwa barua, Je, Mkristo wa nchi ya Japani akaaje katika nyumba ambayo wazee wake hawajaamini? Maana huko Wakristo ni wachache sana, hawafiki hata 2 katika kila watu 100, na nyumba nyingi zina waamini na wasioamini chini ya dari moja. Swali hilo ni kubwa, nami sina elimu ya kulijibu lote. Lakini naweza kuwaeleza habari za ua moja dogo, kwa sababu neno hilo lilipotujia nyumbani kwetu, lilikuja kwa njia ya ua hilo.

Jina lake ni fukujuso. Fuku ni heri au bahati njema. Ju ni maisha marefu. So ni mmea. Basi ukiunganisha jina lote, ni mmea wa heri na maisha marefu. Lina jina jingine la zamani, ganjitsuso, yaani mmea wa siku ya kwanza ya mwaka.

Sisi twakaa Matsumoto, mji ulio katikati ya kisiwa kikubwa cha Honshu, katika bonde lililoinuka mita 600 hivi juu ya bahari. Upande wa magharibi imesimama milima mirefu yenye theluji. Mimi ni mzaliwa wa Usambara, na wenzangu wa pwani walikuwa wakitucheka kwa kujifunika mablanketi. Lakini baridi ya Usambara mbele ya baridi ya Matsumoto ni kama mtoto mchanga mbele ya babu yake. Mwezi wa Januari maji yaliyosahauliwa katika ndoo huwa jiwe usiku mmoja, na udongo wa bustani haupigiki kwa jembe. Miti imesimama mitupu, hata mgeni angesema yote imekufa.

Hata mwisho wa Februari, theluji ingali katika kivuli cha ukuta, ndipo fukujuso inapochomoza. Haitangulizi majani. Hutoka tumba nene, limefungwa katika magamba ya rangi ya kahawia, likiinuka katika udongo mtupu kama kidole. Siku ya jua tumba lafunguka, na ndani yake mna ua la manjano ling'aalo kama shaba iliyosuguliwa, upana wake sentimita 3 au 4, likikaa karibu kabisa na ardhi. Walio nyumbani watalikumbuka lile ua jekundu la mviringo, mfano wa mpira wa nyuzi, litokalo ghafula katika ardhi tupu mvua za kwanza zinapoanza. Fukujuso si ndugu yake, lakini macho hushangaa kwa namna ile ile.

Ua hili lina tabia yake. Asubuhi limefumba. Jua likilipiga, hufumbua na kuligeukia jua. Wingu likipita, laanza kufumba tena. Na jioni hufumba kabisa. Umbo lake ni kama bakuli, na majani ya ua yang'aayo hukusanya mwanga na kuutupa katikati, hata ndani yake kukawa na joto kuliko hewa ya nje. Halina asali hata tone. Nzi wadogo wa maua huja kuota moto humo, nao wakiondoka huchukua ule unga wa manjano mpaka ua jingine. Maua mengine huwalipa wadudu kwa asali, hili huwalipa kwa joto. Na kwa siku za Februari sidhani nzi ana haja ya malipo mengine.

Huenda mtauliza, mbona laitwa ua la siku ya kwanza ya mwaka, nalo lachanua Februari? Sababu ni hii. Zamani Wajapani walihesabu miezi kwa mwandamo, na sikukuu ya Mwaka Mpya iliangukia mwisho wa Januari au katikati ya Februari, majira ambayo katika sehemu zisizo za baridi kali fukujuso inaanza kufumbua. Lakini tarehe 1 Januari 1873 serikali ilianza kutumia kalenda hii tuitumiayo sisi. Sikukuu ikatangulia, ua likaachwa nyuma. Tangu hapo watunza bustani wakawa na kazi ya kulidanganya: huiweka mimea katika nyumba za vioo zenye joto, ili ichanue Desemba, ikauzwe kabla ya sikukuu. Na mwaka huo huo wa 1873, mwezi wa Februari, mbao za serikali zilizokataza dini ya Kikristo ziliondolewa mahali pa wazi, baada ya katazo lililodumu zaidi ya miaka 250. Kila nikisikia mwaka huo ukitajwa kwa habari ya kalenda, mimi hukumbuka zile mbao.

Sasa nije katika nyumba yetu. Mama mkwe wangu hajabatizwa. Katika chumba chake mna kabati dogo lenye mapambo, ambamo wafu wa nyumba hukumbukwa. Kila asubuhi huweka wali kidogo na kuwasha uvumba. Katika chumba cha wageni mna mahali pengine, palipoinuliwa kidogo sakafuni, paitwapo tokonoma. Hapo hutundikwa maandiko au picha, na chini yake huwekwa ua la majira. Kila mwisho wa Desemba mama mkwe hununua chungu kifupi cha fukujuso, pamoja na msonobari mdogo, akaviweka katika tokonoma. Na kando yake kitawi cha nanten, mti wenye matunda madogo mekundu. Jina nanten, likisikiwa kwa sikio tu, lafanana na maneno ya kugeuza shida. Basi watu huviweka pamoja, kana kwamba wasema, Shida na igeuzwe kuwa heri.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, dada mmoja mzee wa kanisa letu alikuja kutusalimu katika sikukuu. Akakiona kile chungu, akanyamaza. Tulipokuwa mlangoni akaniuliza kwa sauti ndogo, Je, ni wewe umwagiliaye maji ua la bahati? Nikamjibu ndiyo, maana mama mkwe alinipa kazi hiyo, naye aliniamini nayo kama binti wa nyumba. Akaniambia, Mtu aliyebatizwa hatafuti bahati. Akaenda zake.

Neno lile lilinikaa kifuani siku nyingi. Nikikataa kumwagilia, namwaibisha mama wa mume wangu katika mwezi wa kwanza wa kukaa kwake. Nikikubali, namkwaza dada aliyenipokea kanisani nilipokuwa sina hata rafiki mmoja nchini. Mume wangu alisema, Ni ua tu. Lakini wanaume husema hivyo upesi, kwa kuwa si wao walioshika kopo la maji.

Nikaenda kwa mchungaji. Hakunipa hukumu, alinikumbusha yale Mtume Paulo aliyowaandikia Wakorintho juu ya nyama za sadaka, kisha akanipa maswali matatu. Je, yuko mtu anayeliomba ua lile? Je, huwekewa chakula? Je, likifa, mama mkwe wako huogopa kwamba mtu wa nyumbani atakufa? Akasema, Kamwulize mwenyewe, usiulize watu wa nje.

Kumwuliza mkwe maneno kama hayo si jambo jepesi, kwao wala kwetu. Nilingoja mpaka tulipokuwa wawili tukimenya figili jikoni. Nilipomaliza kuuliza alicheka, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Akasema, Nani ataliomba ua? Likifa, limekufa, mengi yamekufa. Kisha akanieleza kwamba mwaka ule alioolewa hawakuwa na fedha ya kununua kitu cha sikukuu, na marehemu mumewe akarudi jioni na fukujuso moja katika chungu kilichopasuka ukingo. Tangu mwaka ule hakukosa kununua moja. Jina lake, akasema, ni salamu tu, kama sisi wenyewe tunavyomwambia mtu mwanzoni mwa mwaka awe na heri na maisha marefu.

Nikamwambia, Basi ua nitalimwagilia kwa furaha. Lakini uvumba wa kabatini siwezi kuuwasha. Akajibu kwamba hilo alikwisha kuliona, wala hakuniomba. Mpaka ukawekwa hapo. Habari ya uvumba haijaisha kati yetu hata leo, hasa siku za kuwakumbuka wafu, tena iko siku aliyolia kwa ajili yake. Naandika hivyo msije mkadhani kwamba mashauri yote ya nyumba hukatwa jikoni juu ya figili. Na yule dada wa kanisa bado huja kila mwaka. Hukaa akiipa tokonoma mgongo, akanywa chai yake, nasi twampenda.

Tangu mwaka ule nimekuwa mtunzaji wa fukujuso zote za nyumba, na hapa nitaeleza kazi yenyewe, maana najua wasomaji wa gazeti hili wengi ni watu wa jembe.

Mimea ya sokoni imekwisha kuteswa. Mizizi ya fukujuso ni mingi, minene, mirefu, ya rangi nyeusi nyeusi, nayo yapenda kushuka chini sana. Lakini chungu cha sikukuu ni kifupi kama sahani, basi wauzaji huikata ili ienee. Mmea huchanua kwa nguvu alizojiwekea mwaka uliopita, kisha, ukiachwa humo, hudhoofika. Ndiyo maana watu wengi husema kwamba fukujuso ni ya mwezi mmoja, wakaitupa pamoja na taka za sikukuu. Si kweli, ni mmea wa miaka mingi. Chumba kiwe cha baridi, na mchana chungu kiwekwe dirishani penye jua, la sivyo maua hayafumbuki. Maua yakiisha, toa mmea wote pamoja na udongo wake bila kuitikisa mizizi, utie katika chungu kirefu, uuhifadhi na jalidi mpaka Machi, kwa kuwa majani yaliyolelewa katika joto ni laini kama ya mtoto wa mjini. Kisha upandwe bustanini.

Mahali pake ni chini ya mti unaopukutisha majani. Wakati wa baridi mti uko mtupu, na jua lafika chini. Wakati wa joto mti una majani, na mmea wapata kivuli. Kwetu ni chini ya mti wa kaki, wenye matunda ya rangi ya machungwa, ulio upande wa kusini. Nilichimba sentimita 30 na zaidi, nikachanganya udongo na majani yaliyooza, ili maji yasituame. Tumba lifunikwe kwa udongo wa sentimita 2 au 3, si zaidi.

Maua yakianza kuzeeka, shina hurefuka, na majani hufunguka yakiwa yamechanika chanika kama ya karoti. Hapo ndipo mmea hufanya kazi yake ya mwaka mzima, katika miezi miwili au mitatu tu. Watie mbolea wakati huo, na asije mtu akayakata majani kwa kupenda usafi. Mwezi wa Juni yote yamekauka na kutoweka, wala huoni hata alama. Jirani yetu mmoja, mtu mwema sana, alikuja na jembe akitaka kunisaidia kupanda biringani mahali pale palipo patupu. Nilimwonyesha vijiti nilivyovichomeka, nikamwambia kwamba chini yake kuna watu wamelala. Vijiti hivyo ni vya lazima. Mizizi hulala miezi yote ya joto, na matumba ya mwaka ujao hukua humo chini gizani. Nayo wakati wa kuhamisha au kugawanya shina lililonenepa ni Septemba na Oktoba.

Sasa kuna jambo ambalo sitaki mtu yeyote alipite upesi. Fukujuso ni sumu, mmea wote, tangu mzizi hata ua. Sumu yake hushika moyo. Jamaa yake mmoja wa Ulaya alitumika zamani katika dawa za moyo, lakini baina ya dawa na kifo palikuwa na nafasi ndogo. Mtu akiila hutapika, moyo wake hupiga ovyo, hata aweza kufa. Na shida kubwa ni kwamba ipo mboga inayochomoza siku zile zile. Kuna mmea uitwao fuki, na vichwa vyake vya maua vitokavyo kabla ya majani huitwa fukinoto. Wajapani huvipenda mno. Huvitia katika uji wa unga na kuvikaanga, na uchungu wake kidogo ndio ladha ya kwanza ya mwaka. Vikiwa vingali vidogo, mtu aweza kuchanganya fukinoto na tumba la fukujuso, na wako Wajapani waliopatwa kwa njia hiyo.

Mwaka jana, mwezi wa Machi, mama mkwe alitoka na mwanangu, mtoto wa miaka 6, wakarudi na kikapu. Ndani yake vichwa 8. Yeye amechuma fukinoto tangu utoto wake, tena ndiye aliyenifundisha mimi. Nikaviosha, nikaanza kupasua kimoja kimoja kwa kisu kabla ya kukaanga. Fukinoto ukiipasua waona magamba ya kijani yamefungana, na katikati vijiua vidogo vingi vilivyosongamana, na harufu yake yapanda puani mara moja. Cha sita hakikuwa na harufu. Ndani yake palikuwa na vijani vilivyochanika kama vya karoti, vimekunjamana, na tumba moja la mviringo.

Sikupiga kelele. Mtoto alikuwa amekaa mezani na bakuli lake tayari, na kwetu sisi mzee haambiwi mbele ya mjukuu kwamba macho yake yamekwisha. Niliweka vipande viwili kwenye sahani, cha fukinoto na kile kingine, nikamwita mama mkwe pembeni. Akavitazama. Akavua miwani, akaipangusa, akavitazama tena. Hakusema neno. Alichukua vyote, vibaya na vizuri, akavitupa shimoni, akaosha kisu mara mbili na mikono yake mara nyingi. Tulikula wali, mchuzi wa miso na figili. Mtoto aliuliza kuhusu fukinoto, nikamwambia kwamba bibi ameona hazijakuwa vema, na hilo lilikuwa kweli.

Usiku, mume wangu alipokwisha kulala, mama mkwe alikuja akakaa karibu nami. Alisema kwamba tangu mwaka uliotangulia jicho la kulia lina ukungu, naye alificha kwa kuogopa kuzuiwa bustani. Nikamwambia kwamba hakuna atakayemzuia. Asubuhi yake alimwita mjukuu, wakaenda wote wawili na vijiti vya mianzi na kamba, wakazungusha ua dogo pande zote za mti wa kaki. Aliweka sheria mbili mwenyewe. Upande ule wa nyumba hapachumwi kitu cha kula; na kila kichwa cha fukinoto, kabla ya kuingia kikapuni, kionwe na macho ya watu wawili. Daktari amekwisha kulipasua lile jicho tangu hapo, nalo laona vizuri kidogo, lakini sheria haikufutwa. Mwenye watoto nyumbani, akipanda fukujuso popote duniani, na ajiwekee sheria kama hizo siku ya kwanza.

Imebaki habari ya mbegu. Fukujuso ya sokoni, ile yenye maua makubwa iitwayo Fukujukai, haizai mbegu; huongezwa kwa kugawanya mashina tu. Lakini chini ya kaki kuna mashina ya zamani yaliyopandwa na marehemu baba mkwe, ya maua madogo, nayo huzaa. Ua likianguka huacha kitunda cha kijani chenye vinundu, mfano wa topetope changa, dogo kama ncha ya kidole. Mwezi wa Mei, ukikigusa, mbegu hudondoka zingali kijani, na lazima zipandwe siku ile ile, maana zikikauka hazioti vema. Mwaka unaofuata hutokea vijani viwili tu, kisha hutoweka. Mwaka wa pili jani moja la kweli. Ua la kwanza ni mwaka wa tano au wa sita.

Mama mkwe alinitaka nimletee sanduku la mbao na udongo laini, akapanda mbegu 40 kwa mkono wake, akiwa na miaka 84. Hakunieleza kwa nini, nami sikuuliza. Mwaka huu ni wa nne. Theluji ilipoyeyuka tuliliondolea sanduku majani makavu, akapiga magoti juu ya gunia, akahesabu machipukizi kwa kidole, akasema ni 12. Mjukuu wake akahesabu nyuma yake, akasema, Bibi, ni 11. Hilo moja ni jani la kaki.